Karamu ya Manju

Kwetu Mpwapwa mtu hapewi habari ya msiba akiwa na njaa. Utamkuta kijana ametolewa Dodoma kwa kuambiwa mama yake anaumwa kidogo, akalishwa njiani, akanunuliwa soda, akaulizwa habari za kazi, na mama mwenyewe yumo sandani tangu alfajiri. Garini wote wanajua isipokuwa yeye. Sisi hatuuiti huo uongo. Tunasema tunambeba mtu mpaka afike kwa watu wake wa kumshika. Nililelewa hivyo na sikuwahi kuuliza swali, mpaka tulipomfanyia hivyo Manju.

Manju alitoka India, upande wa Rajasthani, ambako alisema mvua ni ya kubahatisha kama yetu na watu wanakula uwele. Alikuja mwaka 1993 kusomea malisho ya nchi kavu katika chuo cha mifugo nilichokuwa nasoma mimi pia, na mama yangu, Bi Mwajabu, akampangisha chumba cha uani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ikiwa imefunguliwa. Maduka yalikuwa yamejaa sabuni na mafuta ya kila rangi, lakini mama bado alificha sukari chini ya kitanda, maana hakuamini kama neema ile ingedumu. Aliposikia mpangaji ni Mhindi alifurahi, akadhani kapata binti wa mwenye duka. Akaja msichana mwembamba mwenye begi moja, ndala zake zimeshonwa kwa uzi.

"Mhindi gani huyu," mama akaninong'oneza, "maskini kutuzidi sisi?"

Baada ya mwezi alikuwa binti yake. Kila asubuhi Manju aliinama akamgusa mama miguu, ndiyo shikamoo ya kwao, na mama akawa anajifanya hapendi huku akiitoa miguu mbele. Nyama hakula, lakini ugali wa uwele kwa mlenda aliufyeka kama mtu aliyezaliwa Gulwe. Kiswahili alijifunzia vijijini kwenye mbuzi wa utafiti, kwa hiyo aliwaamkia Waislamu wa mjini kwa "Mbukwa" ya Kigogo, na wazee barazani walicheka mpaka kofia zinawadondoka. Elieza, mwenzetu darasani, Mgogo wa Gulwe, alisema chuo kimeletewa Mhindi wa uwele.

Kilichotufunga zaidi ni barua za mama yake. Zilikuja kila mwezi kupitia sanduku la posta la marehemu baba yangu, na Manju alitusomea uani akitafsiri. Tulimjua yule mama kama jirani wa ukuta mmoja: goti lake bovu, ugomvi wake na wifi yake, nyati wake wa kufugwa wa maziwa aliyekuwa anapiga teke kila mtu ila yeye. Mwisho wa kila barua aliandika namna ya kupika kitu kimoja, maana aliogopa binti atasahau jiko na kukosa mume. Halafu akamalizia kwa salamu kwa "dada yangu wa Afrika". Mama alimpelekea doti ya kanga. Yule akajibu kwamba wifi yake ameionea kijicho, na mama alitembea na habari hiyo mtaa mzima.

Mwezi Agosti 1994 kilifika kifurushi kilichoshonwa ndani ya kitambaa cheupe, kimepigwa lakiri nyekundu kwenye kila mshono. Ndani yake mlikuwa na bizari za nyumbani na matunda makavu ya jangwani. Manju hakukifungua. Alikiweka juu ya kabati akasema kitafunguliwa Diwali, sikukuu yao ya taa, mwezi wa kumi na moja, na siku hiyo atatupikia karamu ya kwao, sahani kwa sahani, kama mama yake alivyoandika. Alialika watu kumi na wanne. Alifinyanga vitaa vya udongo ishirini na kimoja, akavianika ukutani. Mwaka uliotangulia Diwali ilimkuta kitandani na malaria, kwa hiyo hii ndiyo aliyoisubiri.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa napepeta choroko barazani Elieza alipokuja na baiskeli. Alikuwa amepita posta. Alikuwa na kibuyu cha samli kutoka kwa mama yake kwa ajili ya karamu, na mkono wa pili alishika telegramu.

Mtu wa leo hajui telegramu ilivyokuwa inashikwa. Elieza aliishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili.

"Ya Manju," alisema polepole. "Dada Salha, nani anatuma telegramu kwa jambo la heri?"

Mama alitoka ndani. Alinitazama akasema, "Fungua." Ilikuwa na jina la mwenzangu lakini nikafungua. Maneno yalikuwa machache. Mama amefariki tarehe ishirini na tisa. Kila kitu kimekwisha kufanyika. Usisafiri, maliza masomo. Baba.

Ilikuwa imekaa njiani siku tano. Uani tulimsikia Manju akiimba huku anaosha masufuria.

Nilisema twende tukamwambie. Nataka hili lijulikane, kwamba nilisema, ingawa nilisema mara moja tu na kwa sauti ndogo. Mama alikaa kwenye mkeka akavuta kanga mpaka machoni. Alimlilia yule mama asiyemjua sura, kimyakimya, muda mrefu kidogo. Alipofunua uso alikuwa ameshaamua.

"Hajala tangu jana," alisema. "Anafunga kwa ajili ya sikukuu yake. Mtoto yuko peke yake nchi ya watu, hana shangazi, hana dada. Ukimwambia sasa ataangukia wapi? Watu wanakuja saa kumi. Acha waje, acha ale, atie kitu tumboni. Nitamwambia mimi, na wanawake wakiwa nyuma yake."

"Na kupika?" aliuliza Elieza.

"Akiacha kupika atauliza kwa nini. Elieza, pita kwa waalikwa wote. Waambie. Wanawake waje na kanga za kufunga kiunoni, lakini wasije na nyuso za msiba."

Telegramu akanipa mimi. Niliikunja nikaichomeka kwenye pindo la kanga, na huko ndiko ilikokaa siku nzima, kila nikiinama inanichoma.

Manju alikata mishono ya kifurushi kwa wembe, mmoja mmoja, kitambaa akakikunja vizuri akakiweka kando. Kilipofunguka harufu ilijaa uani, nzito na ngeni, na yeye akaweka uso ndani akakaa hivyo. "Nyumbani," alisema. Niligeuka nikachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Tulipika kuanzia saa nne. Barua za mama yake alizitandaza kwenye kigoda, kila moja imewekewa jiwe, na kabla ya kila kitu aliisoma kwa sauti. Mama anasema maziwa mgando yakorogwe na unga wa dengu kabla ya moto, sio baada. Mama anasema matunda yalowekwe mpaka yalegee kama masikio ya mbuzi. Mama anasema usikoroge kwa hasira. Kila "mama anasema" niliitikia "ndiyo". Aliteleka karai, akakaanga bajia. Alikanda unga wa uwele wa Kongwa kwa maji ya moto, akaupigapiga kwa viganja viwili hadi ukawa mkate, bila kibao wala mti wa kusukumia, na akacheka nilipojaribu wangu ukapasuka. Kwa samli ya mama yake Elieza, Manju alifinyanga ladu, vitamu vya mviringo, akazipanga kwenye sinia. Alisema samli hii ina harufu ileile ya kwao na kwamba lazima amwandikie mama yake, kesho asubuhi kabla ya lolote, amweleze kuwa ng'ombe wa Wagogo wanajua kazi.

Jambo moja lilinimaliza. Kwao mpishi haonji chakula cha sikukuu kabla hakijatolewa, kwa hiyo aliniita mimi.

"Onja, Salha. Chumvi?"

Nilionja. Nikasema tamu. Aliniita tena kwenye dengu, tena kwenye yale matunda ya jangwani, tena kwenye ladu. Mara nne niliweka mdomoni chakula cha marehemu, nikamtazama mtoto wake machoni, nikasema tamu. Na kilikuwa kitamu. Hilo nalo silisahau.

Saa kumi watu walifika. Walikuja wote kumi na wanne, na nyuma yao wengine ambao hawakualikwa, wake wa majirani, bibi mmoja wa msikitini ambaye Manju hakumjua hata jina. Manju alifurahi. Alidhani sifa za karamu zimeenea. Alikuwa amevaa sari ya manjano aliyotoka nayo kwao, na nywele amezitia mafuta, na alipita na sinia akihudumia kila mtu kwa mkono wake.

Sisi tulikuwa waigizaji wabovu. Wanaume walicheka kwa sauti mno, kisha wote wakanyamaza kwa pamoja. Mwalimu Bartolomayo, aliyekuwa anasimamia utafiti wa Manju, alikata tonge akalishika mpaka likapoa. Wanawake walikaa wakiwa wamejifunga viuno, macho chini. Chakula kikawa kinarudi kama kilivyotoka. Nilimwona Manju anatazama sahani moja baada ya nyingine, na furaha ikaanza kumtoka.

"Hamkipendi," alisema. "Pilipili imezidi? Salha aliniambia ni tamu."

Elieza, Mungu ambariki, alivuta sahani akaanza kula. Alikula ya kwake, akala ya Mwalimu Bartolomayo, akaomba nyingine, machozi yanamtiririka, akasema ni pilipili. Basi na wengine wakala. Tulikula kama watu wanaomeza dawa, tukasifu, tukaomba nyongeza, na Manju akapona uso, akarudi kwenye karai kukaanga bajia zaidi.

Lakini yeye mwenyewe hakula. Kwao mwenye karamu hula wa mwisho. Mama alikuwa anasubiri hilo tu. "Na wewe kaa ule, mwanangu," alisema. Wanawake wote wakadakia, kula, kula mama, kaa ule, sauti ishirini kwa pamoja. Manju alicheka, akaona haya kwa kupendwa kiasi kile, akakaa katikati yao, akala. Alikula mkate wa uwele na dengu. Alikula ladu mbili. Alilamba samli vidoleni. Kila mtu alikuwa anamwangalia kinywani.

Alipokunywa maji, mama alisogea akamshika mikono yote miwili, na wanawake wakasimama nyuma yake. Mama aliyasema vizuri, kwa upole, kama alivyokuwa akiyasema misibani tangu nikiwa mdogo. Kazi ya Mungu haina makosa, alisema, na mama yako ametangulia.

Manju hakupiga kelele. Alikaa wima kabisa na mikono ya wale wanawake mabegani mwake, hakumwegemea hata mmoja.

"Lini?"

Nilitoa telegramu. Ilikuwa imelowa jasho langu. Aliisoma, akaigeuza, akaona muhuri wa posta wa Mpwapwa.

"Imefika asubuhi."

"Asubuhi, mwanangu. Tuliona ule kwanza."

Alitazama mikono yake iliyokuwa bado inang'aa samli. Akatazama karai, mafuta yalikuwa hayajaacha kuchemka. Aliongea pale pale, taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kigogo, kama anayemweleza mtoto. Kwao mtu akifa karai halitelekwi. Mtoto wa marehemu anaoga maji ya baridi hapo hapo anapopata habari, hapaki mafuta, hali kitamu siku kumi na tatu, na Diwali ya mwaka huo taa haziwashwi. Watu wengine ndio wanaoleta chakula.

"Nimekaanga bajia," alisema. "Nimevaa manjano. Nimekula ladu."

Kisha akamgeukia mama, na aliuliza kwa heshima, hakuuliza kwa ukali.

"Mama, na kwenu? Mtu akifiwa, anapika?"

Pale palikuwa na Waislamu na Wakristo, Wagogo na watu wa mjini, na sote tulijua jibu tangu utotoni. Msibani moto huwashwa na majirani. Mfiwa akishika hata mwiko ananyang'anywa. Tulikuwa tumeshika mila moja kwa mikono miwili mpaka tukaikanyaga nyingine, na hakuna kichwa hata kimoja katika vile ishirini kilichoona.

"Hapiki," mama alisema.

Manju alijitoa mikononi mwao, akaenda bafuni, akachota maji ya pipa akajimwagia na sari yake mwilini, ndoo baada ya ndoo. Alitoka amelowa, akazima majiko, akaanza kuosha vyombo. Tuliomba tumsaidie. Hakutukana, hakusukuma mtu, alivuta tu kila sufuria kwake mpaka tukaacha. Vitaa ishirini na kimoja vilibaki ukutani bila kuwashwa. Kesho yake kuku waliviangusha vitatu.

Siku kumi na tatu alikula ugali mkavu bila chumvi chumbani kwake. Mama alimwekea mlangoni asubuhi na jioni, na alichukua. Siku ya kumi na nne alifunga begi. Telegramu ilisema asisafiri, lakini alisafiri. Tulimsindikiza mpaka Gulwe kupanda treni, mimi na mama na Elieza. Aliinama akamgusa mama miguu kama kawaida, na mama akamshika kichwa akalia hadharani, akamwambia nisamehe. Manju alisema, "Ulinipenda, mama. Najua." Nikafikiri basi, limekwisha. Akanigeukia mimi.

"Wewe ulionja mara nne," alisema.

Akapanda treni. Nilimwandikia barua tisa kwa anwani ya baba yake. Hakujibu hata moja, na simlaumu.

Mama hakulizungumza tena, ila aliacha kwenda kutoa habari za misiba. Walipokuja kumwita, kwa kuwa alikuwa anajua kusema, alijibu kwamba ulimi umekuwa mzito. Mimi nikaapa moyoni kwamba zamu yangu ikifika sitabebwa. Nitaambiwa wima, kama mtu mzima.

Zamu ilifika mwaka 1998. Nilikuwa nimepata kazi Dodoma mjini. Elieza, sasa ni bwana mifugo, akatokea ofisini na Land Rover ya wilaya, kofia mkononi.

"Dada Salha, mama anaumwa kidogo. Nimetumwa nikuchukue."

Tulikwenda mpaka Kongwa. Hapo akasimamisha gari penye kibanda cha mamantilie. Akaagiza wali na maharage na nyama ya mbuzi, akaninunulia soda, akauliza habari za kazi. Chakula kilipokuja alikisogeza mbele yangu kwa mikono miwili.

"Kula kwanza. Safari bado."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama sahani.

"Elieza, mama amekufa?"

"Kula kwanza, dada. Sikutumwa kusema."

"Unamkumbuka Manju?"

Aliweka kijiko chini. Machozi yalimtoka kama siku ile ya pilipili. "Alfajiri," alisema. "Alikuwa anatawadha."

Basi nikapata nilichokuwa nimeapia. Niliambiwa wima, kavu, tumbo tupu, kwenye benchi la mbao, mbele ya madereva wa malori. Nilianguka chini. Kanga ilinifunguka, na Elieza alisimama hajui aweke wapi mikono, maana si ndugu yangu na ni mwanaume. Mamantilie, mwanamke ambaye hakunijua, alikuja akanifunika, akaniuliza nimefiwa na nani nami sikuweza kulitaja jina. Pale chini ndipo nilipojua mama alichokuwa anakiogopa asubuhi ile alipouliza mtoto ataangukia wapi. Hakuwa mjinga wala mkatili. Nilitamani nimwambie, na wa kuambiwa ndiye aliyekuwa amekufa.

Tulipofika nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa na uani kumejaa watu. Nilipita moja kwa moja jikoni, sijui kwa nini, labda kwa sababu wageni walikuwa wengi na sikuona chai. Nilishika sufuria. Jirani mmoja, aliyekuwepo siku ya Diwali akiwa amejifunga kanga kiunoni, alinifuata mbio akaninyang'anya.

"Weka chini, Salha. Mfiwa hapiki."

Alipokwisha kusema tukatazamana. Kisha akanishika bega akanipeleka mkekani. Wanawake walikuwa wengi na wote walinishika, nikalia mpaka sauti ikakauka. Nilimlilia mama yangu. Na katikati ya kumlilia nikamlilia na yule mama mwingine, mwenye goti bovu na nyati mkorofi, kwa sababu siku yake, nyumbani kwa dada yake wa Afrika, hatukumlilia kwa sauti. Tulikula.